Toleo la Kwanza la Nintendo Power Limefika Magomeni

Mario wa jaladani, yule shujaa wa gemu za Nintendo, hakuchorwa, amefinyangwa. Mtu alikaa chini akaitengeneza kofia, sharubu na lile tumbo, akamweka katika mandhari iliyofinyangwa vilevile, nyuma yake akamsimamisha Wart, chura mnene mwenye taji, kisha ikapigwa picha. Kazi ya mikono hiyo. Nimeitazama usiku huu kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama gemu yoyote mpya mwaka huu.

Jarida lenyewe ni Nintendo Power, jarida la gemu la kampuni ya Nintendo, toleo la kwanza, Julai na Agosti 1988. Shemeji yangu anaishi Tacoma, jimbo la Washington, na alilikuta kwenye duka la vitabu vilivyotumika. Jalada limechanika pembeni na mgongo umelegea, ndiyo maana bei yake ilikuwa ya kununulika. Alipolitoa kwenye sanduku, limefungwa ndani ya kanga ya dada yangu lisikunjike, aliniuliza tu, "Shem, ndilo hili?" Nikamwambia ndilo, na chakula kikapoa.

Nataka niandike kabla sijalizoea.

Kwanza, lilikotoka. Ofisi za Nintendo ya Marekani zilikuwa Redmond, mji ulio karibu na Seattle, na kabla ya jarida hili kulikuwa na kijarida chembamba kilichotumwa bure kwa wanachama wa klabu yao, Nintendo Fun Club. Wanachama wakazidi kuongezeka, simu zikazidi kupigwa. Watoto wa Marekani walikuwa wakipiga simu Redmond kuuliza wapite wapi, wamuue vipi adui wa mwisho, funguo iko chumba gani, na kulikuwa na watu walioajiriwa kukaa na kuwajibu. Gail Tilden ndiye aliyepewa kazi ya kukigeuza kijarida kile kuwa jarida kamili. Toleo hili la kwanza lilichapwa nakala milioni 3.6, kila mwanachama wa klabu akatumiwa lake bure, na karibu theluthi moja yao wakalipia kuendelea kulipata. Sijui kama kuna mhariri yeyote kwetu aliyewahi kuota idadi kama hiyo.

Mwaka huohuo wa 1988, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Wazanzibari walikuwa na chao tangu 1973, tena cha rangi. Sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994. Waliokuwa na televisheni nyumbani walikuwa nazo kwa ajili ya deki, wanaangalia kanda za video, na jirani akisikia sauti anakuja kuchungulia dirishani. Kwa hiyo wakati mtoto wa Ohio anafungua sanduku la barua na kukuta Mario wa udongo, mimi na wenzangu tulikuwa hatujui hata kwamba kuna kitu cha kuchezeshwa ndani ya kioo kile.

Mashine zilipotufikia, miaka ya tisini, hazikuwa za Nintendo. Zilikuwa za kuiga, zilizoundwa Asia kwa kufuata ile Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, zikaingia madukani Kariakoo zikiwa na padi mbili, bunduki ya kupigia bata na kaseti moja iliyoandikwa idadi ya gemu isiyowezekana. Mtaani kwetu ilikuwapo moja tu kwa muda mrefu. Unaiunganisha kwenye TV ya chogo, unatafuta stesheni mpaka chenga ziishe, kaseti ikigoma unaitoa unaipuliza. Tulikaa kwa zamu. Ukifa, unatoa padi, hakuna mjadala.

Ndipo nilipoifahamu Contra. Sote tuliita Kontra, wanaume wawili wenye bunduki wakikimbia msituni, na kila mmoja ana maisha matatu ambayo yanaisha kabla hujaona daraja linavyolipuka. Siku moja kaka mmoja wa mtaa wa pili, mkubwa kwetu kidogo, alikuja akaomba padi kabla gemu haijaanza. Akabonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Gemu ilipofunguka tulikuwa na maisha thelathini. Yule bwana hakukaa hata kucheza. Alisema, "Msimwambie kila mtu," akaondoka, na kufikia jioni kila mtu alikuwa ameambiwa.

Mchanganyiko ule ulitungwa na Kazuhisa Hashimoto wa Konami, kampuni ya Japani iliyotengeneza Contra. Mwaka 1986 alikuwa akiihamishia gemu yao nyingine, Gradius, kwenye mashine ya nyumbani, ikamshinda ugumu wakati wa kuijaribu, akajiwekea njia ya kupata silaha zote papo hapo. Ikabaki ndani ya gemu ilipouzwa, na baadaye Konami wakaitumia tena na tena, Contra ikiwa mojawapo. Hashimoto alifariki Februari 2020, na niliposoma habari hiyo nilimpigia simu mwenzangu wa enzi zile, tukazungumza kama waliofiwa na mtu wanayemjua. Nintendo Power, katika matoleo yake ya mwanzo, ndiyo iliyowafikishia Wamarekani wengi siri hiyo kwa maandishi. Kwao ilikuwa na ukurasa, na aliyesahau angeweza kurudi kufunua.

Jambo hili ndilo linalonikosesha usingizi tangu jarida lifike. Waliokopi Contra na kuijaza kwenye zile kaseti za gemu mia kidogo walikopi kila kitu, pamoja na ule mlango wa Hashimoto. Siri ilivuka bahari ikiwa imelala ndani ya kaseti, na kaseti haisemi. Maneno ya kuifungua yalibidi yaje kwa njia nyingine. Mtu fulani alisoma, au alimsikia aliyesoma, akamwambia mtu, huyo akamwambia mwingine, lugha ikabadilika njiani, mpaka ikafika kwa kaka wa mtaa wa pili ikiwa bado sahihi, kitufe kwa kitufe, vitufe kumi bila kukosea hata kimoja. Methali zetu nyingi hazikusafiri salama kiasi hicho.

Narudi kwenye kurasa. Kurasa za besiboli nimezipita haraka; mchezo wenyewe siujui. Kuna orodha ya gemu thelathini zinazopendwa, kuna katuni ya Howard na Nester, kuna barua za wasomaji. Howard wa kwenye katuni ni mtu wa kweli, Howard Phillips, aliyekuwa mfanyakazi wa Nintendo na maarufu kwa kuvaa tai ya kipepeo. Nester ni kijana wa kubuni anayejifanya anajua kila gemu. Kila mtaa una Nester wake, na wetu nilisoma naye darasa moja.

Ramani ndizo zilizonisimamisha. Kuna ramani ya safari ya pili ya The Legend of Zelda, ile inayofunguka ukishaimaliza gemu mara ya kwanza, au ukiandika ZELDA kama jina lako unapoanza. Safari ya pili ina mapango mengine, milango imehamishwa, ulichokijua hakikusaidii tena. Na hapa nchi nzima imetandazwa mbele ya msomaji: kila mto, kila mwamba, kila kichaka chenye ngazi chini yake. Nimefuata njia kwa kidole kutoka pale Link, shujaa wa gemu hiyo, anapoanzia mpaka juu milimani. Mtu aliyeipanga ramani hii alimheshimu mtoto. Hakumrahisishia mambo kwa kumpa picha za kuvutia tu. Alimpa kazi ya kusoma, kulinganisha, kuhesabu vyumba. Mimi najua watu waliojifunza kusoma ramani halisi kwa daftari la hesabu walilochorea vyumba vya gemu kwa penseli, mraba mmoja chumba kimoja. Madaftari hayo yalifungiwa vitumbua zamani.

Sehemu kubwa ya toleo ni ya Super Mario Bros. 2, iliyokuwa bado haijafika madukani. Marekani iliuzwa kuanzia Oktoba mwaka huo. Historia yake naipenda sana. Japani kulikuwa na Mario ya pili nyingine, ngumu mno, na Howard Phillips huyuhuyu alikuwa miongoni mwa walioijaribu wakaona haitawafaa wachezaji wa Marekani. Badala yake ikachukuliwa gemu ya mwaka 1987 iitwayo Yume Kōjō: Doki Doki Panic, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na televisheni ya Fuji, wahusika wake wakabadilishwa, Mario na wenzake wakaingia. Mandhari haikubadilika sana. Ndiyo maana ndani ya gemu hii kuna majangwa, mitungi ya kuingia ndani, nyoka wanaochomoza kwenye mitungi hiyo, na zulia linalopaa. Mtu wa pwani akifunua kurasa hizi anazitambua hadithi za bibi: jini, mtungi, zulia, mfalme dhalimu. Mtoto wa Redmond aliona nchi ya ajabu. Mtoto wa Pangani angejisikia nyumbani.

Najua jarida hili lilikuwa la muuzaji. Kampuni iliyotengeneza mashine ndiyo iliyoandika sifa zake, na ilikuwa hivyo hadi mwaka 2007 kazi ilipokabidhiwa kampuni ya majarida ya Future. Ukitafuta humu ukali wa mhakiki asiye na mwajiri hutaupata, na ni haki kuliandika hilo wazi. Lakini angalia ukurasa wa wachezaji waliotuma picha za skrini zao kuthibitisha alama walizopata. Majina ya watoto, mji, jimbo, gemu, alama. Mtoto aliyetuma picha kutoka kijiji cha Nebraska akaliona jina lake limechapwa, nani atamwambia lile lilikuwa tangazo tu? Jina lake lipo. Nimelisoma mimi, huku, baada ya zaidi ya miaka thelathini.

Sisi majina yetu hayapo popote.

Hilo nalisema kwa uchungu na kwa uzito. Jarida lilikoma Desemba 2012, toleo la 285, na jalada la mwisho lilimrudisha Mario wa udongo kwa heshima ya lile la kwanza. Mwaka 2016 nakala zilizokuwa zimewekwa kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ziliondolewa kwa madai ya haki ya Nintendo. Hata hivyo historia ile haitapotea, kwa sababu kuna karatasi kwenye masanduku ya watu kote Marekani, na kuna watu wanaozitafuta. Taasisi ya Video Game History Foundation ilifungua maktaba yake ya kidijitali Januari 2025 ikiwa na zaidi ya matoleo 1,500 ya majarida ya gemu yasiyochapwa tena. Mtafiti wa kesho ataweza kujua mtoto wa Marekani alisoma nini, alitamani nini, alikwama wapi.

Akitaka kujua mtoto wa Magomeni, wa Majengo kule Mombasa, wa Bujumbura au Bukavu alicheza nini mwaka 1996, atafungua nini? Kaseti zilizoiga hazina mwaka wala jina la aliyezitengeneza. Mashine zilitupwa zilipoungua. Waliokuwa wanachezesha watu barazani kwa kulipia hawakuandika hesabu, na kama waliandika, nani ameyatunza madaftari? Sisi tulikuwa wengi, tulicheza gemu zilezile, tukazitungia majina yetu, tukarithishana njia. Ilikuwa elimu kamili na walimu wake wako hai, wana nywele za mvi sasa.

Kwa hiyo nimeanza kuuliza. Swali langu ni moja, la kuanzia: nani alikufundisha juu, juu, chini, chini, na yeye alifundishwa na nani?

Majibu yanakuja. Rafiki yangu wa Tanga alifundishwa na mjomba wake aliyefanya kazi melini. Mama mmoja wa Unguja, ambaye sikutarajia kabisa kuwa alicheza Kontra, alicheka sana kisha akaniambia, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunajua kabla yenu bara." Binamu zake walikuwa wanakuja likizo kutoka Muscat, na mashine yao waliinunua Dubai. Wao walisomea wapi? Anadhani jirani yao kule alikuwa na mtoto anayesoma shule ya Waingereza. Ameahidi kumuuliza binamu yake mkubwa. Mwenzangu niliyempigia simu siku ya Hashimoto anasisitiza kwamba yule kaka wa mtaa wa pili aliipata kwa fundi redio wa Mwembechai, ambaye wateja walimletea mashine mbovu na yeye akizijaribu usiku kucha.

Yote nayaandika kwenye daftari, tarehe na mtaa, na jina pale mwenyewe anaporidhia. Jumapili nakwenda Mikocheni kumwona mzee ambaye miaka ile alikuwa na duka Kariakoo na aliziuza mashine hizi. Nitabeba na jarida, alione. Maswali nimeshayapanga: mizigo ilipitia wapi, kaseti alizichagua vipi, na mteja wa kwanza kumwulizia Kontra kwa jina alikuwa anatoka mtaa gani.