Mtundu au mtukutu

Harusi ya Shaabani imekwisha salama, kazi ya kutafsiri ule mkataba mrefu nimeikabidhi, Baba Zuhura amerudi kutoka Pemba, na juu ya yote hayo ninachokisikia kichwani tangu Jumatano ni sauti ya mwalimu wa Zuhura ikiniuliza, "Kwani kuna tofauti gani?"

Zuhura, binti yangu, mnamjua. Mwalimu aliliamuru darasa lifunge vitabu. Wenzake wakavifunga kama kila siku, naye akavua kamba ya kiatu, akakizungushia kitabu chake, akapiga fundo, kisha akatulia kwenye dawati akingoja amri inayofuata. Darasa zima likaangua kicheko. "Mama Zuhura, mwanao ni mtukutu," mwalimu aliniambia siku ya kikao cha wazazi, tena kwa upole, "na katika ripoti nimeandika hivyo." Nikamjibu, "Hapana, Mwalimu, huyu ni mtundu tu." Ndipo akaniuliza lile swali, kalamu ikiwa bado mkononi, na kabla sijajibu akaitwa mzazi mwingine.

Nimelirudia swali hilo nikiwa jikoni, nikiwa ukumbini kwenye harusi, hata nikiwa kwenye daladala. Wakati mwingine nalisikia kama kejeli, wakati mwingine kama swali la mtu ambaye kweli alitaka jibu na angekuwa radhi kulifuta neno lake. Kinachoniuma ni kwamba ripoti hukaa kwenye faili, na mwalimu wa mwaka ujao atakutana na neno "mtukutu" kabla hajakutana na mtoto mwenyewe.

Ijumaa, nikitafuta neno jingine kabisa katika kamusi ya Kiingereza, nikaliona neno espieglerie, ambalo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 19 na ambalo leo ni wachache wanaolitumia. Maana yake ni utundu wa mzaha, ule wa macho yanayocheka, usiomdhuru mtu. Neno la kawaida la Kiingereza, mischief, lilitokana na neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha balaa na madhara, na mpaka leo katika sheria za baadhi ya majimbo ya Marekani linatumika kwa kosa la kuharibu mali ya mtu. Espieglerie haikubeba mzigo huo, na ndiyo sababu waandishi wa karne ile walilitumia kwa kusifu, hasa walipomwelezea msichana mchangamfu, mwepesi wa kutania.

Nilipofuata asili yake nilijikuta nacheka peke yangu. Wafaransa walilitoa katika jina la Till Eulenspiegel, mjanja wa hekaya za Kijerumani ambazo zilichapishwa Strasbourg mwanzoni mwa karne ya 16, na mchezo wake mkubwa ulikuwa kuyatii maneno ya watu kama yalivyotamkwa. Katika hekaya moja anafanya kazi kwa mwoka mikate wa Braunschweig. Anapouliza aoke nini, tajiri yake anakasirika na kumbeza kwamba mwoka mikate huoka nini, bundi na nyani? Basi usiku kucha anaoka bundi na nyani wa unga. Asubuhi anafukuzwa na kulipishwa donge lote, naye anakwenda kuwauza nje ya kanisa kwa faida kubwa kuliko alicholipa. (Si hekaya zake zote ninazoweza kumsomea Zuhura, kwa kuwa baadhi zina uchafu na ukatili; Wafaransa walichota kicheko wakayaacha yaliyobaki.) Bundi wale wa unga na kile kitabu kilichofungwa kwa kamba ni ndugu wa tumbo moja!

Na jibu la mwalimu, ninavyoamini sasa, lilikuwamo katika Kiswahili chetu muda wote. Mtukutu hatulii na hasikii. Ukimwambia keti, atasimama. Mtundu amesikia, tena amesikia kuliko wenzake, akaona kwamba neno "funga" lina mlango wa pili, akaingia nao. Ndiyo maana fundi anayefungua redio mbovu na kuifanya iseme tena tunamwita mtundu, wala hatumaanishi kumtukana. Zuhura alitii. Nimekwisha kumwandikia mwalimu barua ya ukurasa mmoja, nikimwomba kwa heshima abadilishe neno hilo moja, na moyo wangu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa wiki nzima.

Ningelala vizuri leo, ila Shaabani amenipigia magharibi kuniambia kwamba Mama hajameza dawa zake za presha tangu harusi, anasema zinamtia kizunguzungu, na pale nyumbani hakuna anayethubutu kumbishia. Kesho nitamwomba Baba Zuhura anisindikize, maana yeye ndiye mkwe anayesikilizwa.