Majirani wa 2³²

Katika namba zote kubwa ninazozijua, ninayoipenda kuliko zote ni 4,294,967,297. Watu wa kompyuta watahisi wameshawahi kuiona. Toa 1 unapata 2³², idadi ya anwani zote za IPv4, mfumo wa namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti. Lakini hiyo ya katikati mimi hainisisimui. Ni 2 iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, basi. Utamu uko kwa majirani zake wawili.

Wa juu ndiye aliyemuumbua mwanahisabati Pierre de Fermat. Mwaka 1640 Fermat aliamini kwamba ukichukua 2, ukaipa vipeo vya 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo, kisha ukaongeza 1, utapata namba tasa kila mara. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na kweli zote ni tasa. Inayofuata ndiyo hii yetu. Ilikaa hadi 1732, mwanahisabati Leonhard Euler alipoonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

641 tu! Baadaye Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Namba tasa za namna hiyo ni chache: 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ukijaribu kwa mpangilio, ya tano inakupa jibu.

Ila mimi napenda njia isiyohitaji kugawanya kabisa. Angalia: 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Sasa tuhesabu mabaki ya kugawanya kwa 641 tu: namba mbili tunaziita sawa zikitofautiana kwa kigawe cha 641. Kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipe kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴, kwa hiyo −2³² ni sawa na 1. Yaani 2³² + 1 haiachi baki. Mistari mitatu, kwisha habari. Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa.

Jirani wa chini, 4,294,967,295, yeye ni mpole. Ni tofauti ya miraba miwili, kwa hiyo inavunjika kuwa 65,535 × 65,537. Ile 65,535 nayo inavunjika kwa mtindo uleule, 255 × 257, na 255 ni 15 × 17, na 15 ni 3 × 5. Ukikusanya vipande una 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537: zile tano za Fermat, kila moja mara moja, bila kingine chochote. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, aliyegundua mwaka 1796 kwamba umbo la pande 17 sawa linachoreka kwa rula na bikari, ndiye aliyeunganisha namba hizi na jiometri. Kati ya idadi witiri za pande tunazojua kuwa zinachoreka hivyo, kubwa kuliko zote ni hii hii, 4,294,967,295. Nani angeichora, sijui.

Namba tasa ya sita ya Fermat haijapatikana. Kipeo cha 2²⁰ na cha 2²⁴ vinaudhi zaidi: imethibitishwa kwamba namba zake si tasa, lakini hakuna aliyewahi kutaja hata kigawo kimoja cha yoyote kati yake.