Skrubu ya pili

Mvua za El Niño zilipokatika mwaka 1998, gari letu lilikuwa limesimama uani kwa miezi, chini ya mwembe, pale Tanga mjini. Lilikuwa Toyota Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini ya 4K, nalo lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi kabla baba hajalinunua kwa akiba yake ya ualimu. Upepo wa bahari unakula chuma hata wakati wa kiangazi. Ukichanganyika na mvua ile ndiyo kabisa. Mwezi Juni bibi, mama yake baba, akatuma salamu kutoka Lushoto kwamba magoti yamemzidi na anataka kushuka pwani akae nasi. Kumpandisha kwenye basi na magoti yale hakuna aliyekubali. Ilibidi gari liwake.

Liliwaka, likakohoa, likazima. Baba alitoa plagi moja, akaiegemeza kwenye injini, mimi nikapiga stata: cheche ikatoka ya manjano, dhaifu. Alipofungua kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, tukaona sababu. Pointi zilikuwa zimeungua, upande mmoja umeota kilima kidogo cheusi na upande wa pili shimo la kulingana nacho. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza cheche inatoka wapi. Zile pointi mbili zinapokutana, umeme wa betri unapita kwenye koili. Zinapoachana ghafla, koili inatema volti maelfu kwenda kwenye plagi. Baba, mwalimu wa hesabu, alinipigia hesabu palepale: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 6,000. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na jambo hilo lilinishangaza kuliko chochote nilichofundishwa darasani mwaka ule.

Tulinunua pointi mpya na kondensa mpya, kile kikopo kidogo kinachozizuia pointi zisiungue. Pointi hushikwa na skrubu mbili ndogo. Ya kwanza ilitoka bila shida. Ya pili, nyota yake ya kuingizia bisibisi ilikuwa imelika kabisa, imebaki kishimo cha mviringo kinachong'aa. Gereji fulani iliyolihudumia kabla yetu ilikuwa imeikaza kwa bisibisi isiyo yake, na kutu ikamalizia kazi. Baba akaenda ndani, akarudi na tindo na nyundo.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu kwenye karakana ya reli, alikuwa akitutazama muda wote kutoka barazani kwake. Akanyanyuka.

"Mwalimu, weka nyundo chini. Ukigonga hapo juu ya injini utapinda sahani inayobeba pointi, na shafti yake itayumba. Utakuwa umeua distributa nzima kwa ajili ya skrubu moja."

Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye injini.

Alisema distributa itoke nzima, ikatengenezwe mezani. Kwanza akachomoa waya wa hasi wa betri. Kisha akamwambia baba akwaruze alama mbili kwa msumari: moja mahali inapoelekea ncha ya rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko, nyingine pale mwili wa distributa unapokutana na injini. "Na kuanzia sasa mtu asizungushe injini hata kidogo." Alama zile ndizo zingetuonyesha namna ya kuirudisha. Bolti ya kuishikilia ikalegezwa, distributa ikatoka, inanuka oili ya zamani.

Kwenye kibanda chake alikuwa na jiliwa lililofungwa kwenye meza ya mbao. Aliizungushia distributa kipande cha ngozi kabla ya kuibana, isikwaruzwe. Akachovya ncha ya njiti ya kiberiti kwenye mafuta ya taa na kudondosha tone moja tu pembeni mwa kichwa cha skrubu. Baadaye akapasha moto chuma chake cha kulehemu redio, akakiegemeza juu ya kichwa cha skrubu mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi mwembamba. Akakiondoa, akaacha ipoe, akadondosha tone jingine. Chuma kikipanuka na kusinyaa, kutu inapasuka na mafuta yanapata njia ya kupenya. Alirudia hivyo na hakuna aliyemharakisha. Adhana ya alasiri ikapita, wakaenda kuswali, wakarudi.

Wakati tukingoja alinionyesha bisibisi zake. Nyota ya Kijapani, alisema, si sawa na nyota ya Ulaya, ingawa kwa macho zinafanana. Ncha ya bisibisi ya Ulaya haifiki chini kwenye skrubu ya Toyota. Ukiizungusha inapanda juu na kuchubua kuta. Kwa hiyo alikuwa ameisaga ncha ya bisibisi yake moja kwenye jiwe la kunolea, kidogo sana, mpaka ikakaa sawasawa. Nimekutana na mafundi wengi tangu siku hiyo, na wachache mno wanaojua jambo hili. Linaniuma kila nikiona skrubu iliyochubuliwa kwenye gari zuri.

Akapaka kwenye ncha ile dawa ya kusagia vali, ile yenye chembe ngumu, ili ishike chuma kilichobaki. Akaniambia nishike bisibisi, yeye akaikandamiza kwa viganja vyote viwili kutoka juu. "Usifungue. Kaza kwanza, kidogo tu, binti yangu."

Nikakaza. Haikwenda. Nikajaribu kufungua, ncha ikateleza. Baba akataja keekee. Mzee akatikisa kichwa, kwamba keekee ni ya mwisho, kwa sababu vumbi la chuma likibaki mle ndani litakula beringi au kuleta shoti. Badala yake akachukua senta panchi, kichuma chenye ncha kali, akaiweka ukingoni mwa kichwa cha skrubu, imelala kuelekea upande wa kufungulia, akagonga kwa nyundo ndogo ya kufanyia saa. Tik. Tik. Tik. Tukarudi kwenye bisibisi, yeye akikandamiza, mimi nikizungusha, na safari hii nikasikia kwenye kifundo cha mkono imeachia. Nilipiga kelele hadi mama akatoka jikoni.

Skrubu mpya, mzee aliipima urefu na ya zamani kabla ya kuikubali. Ikizidi urefu, inagusa sahani ya chini na kuizuia ile ya juu, inayobeba pointi, isicheze dereva anapokanyaga mafuta au kuyaachia. Tukafunga pointi, nafasi yake milimita 0.45 kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, tukairudisha distributa kwenye alama zake. Baba akarudisha waya wa betri, akazungusha injini kwa mkono hadi kwenye alama yake ya kuwashia, akaunga balbu ya volti 12 kati ya upande wa koili unaokwenda kwenye pointi na bodi, akafungua swichi, akazungusha distributa taratibu hadi balbu ikawaka pale pale pointi zinapofunguka, akakaza bolti.

Jumamosi baba alipanda Lushoto. Bibi alifika Jumapili na kabichi na karoti nyuma ya gari, akasema kwenye kona zote za Soni halikukohoa hata mara moja. Mzee alikuwa amekataa fedha. Kabichi alizipokea.