Bob, joey na dala

Nimekulia Eastlands, Nairobi, nikijua kwamba "bob", yaani shilingi, ni neno letu. Konda akiita "hamsini bob!" hakuna abiria anayeuliza limetoka wapi. Kwangu lilikuwa Sheng tu, ndugu yake mbao (shilingi ishirini) na soo (shilingi mia).

Kumbe! Mwaka wangu wa kwanza hapa Leicester, Uingereza, bibi jirani yangu, mwenye miaka 86, alinikaribisha chai akaanza kunisimulia utoto wake. Kila Jumamosi baba yake alimpa bob mbili. Nilimkatiza: bob? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza maji ni nini. Waingereza wamekuwa wakiiita shilingi hivyo tangu karne ya 18.

Akaleta mkebe wa biskuti uliojaa sarafu, akazipanga mezani. Peni 12 zilifanya shilingi, shilingi 20 zikafanya pauni, kwa hiyo pauni moja ilikuwa na peni 240. Sarafu ya peni sita waliiita tanner. Mama yake alikuwa akiificha moja ndani ya keki nzito ya Krismasi, na atakayeipata kwenye kipande chake ndiye mwenye bahati.

Iliyonishika zaidi ni joey, kasarafu ka fedha kadogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Jina limetokana na Joseph Hume, mbunge aliyepigania sarafu ya peni nne itolewe tena, ikatolewa mwaka 1836. Madereva wa magari ya farasi London waliichukia. Nauli ya safari fupi ilikuwa peni nne, na abiria wengi walikuwa wakitoa peni sita na kushuka bila kudai chenji. Sasa wakawa na sarafu kamili mkononi, na zile peni mbili zikapotea. Niliposikia hayo niliwaona makonda wa Jogoo Road waziwazi! Sarafu hiyo ilipoacha kutengenezwa, jina likahamia kwa ile ya peni tatu, na hiyo ndiyo aliyokuwa nayo bibi.

Nusu crown, yaani shilingi mbili na peni sita, waliiita nusu dola, kwa sababu zamani pauni moja ilikuwa kama dola nne, hivyo dola ikawa shilingi tano. Hapo nikamkumbuka binamu yangu wa Tanga. Kwao sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, na daladala zikapata jina kutokana na nauli hiyo.

Shilingi yetu ilitoka kwao. Bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, na miaka michache baadaye shilingi ikachukua nafasi ya florin, sarafu iliyotumika kwetu kabla yake, ila yetu ikagawanywa kwa senti 100. Tarehe 15 Februari 1971 wao wakaiacha hesabu ya shilingi. Leo ukitaka kununua kitu kwa bob, nenda soko la Gikomba, Nairobi.

Desemba nilienda nyumbani, nikarudi na sarafu ya shilingi moja ya Kenya. Bibi aliigeuzageuza dirishani, akasoma maandishi kwa sauti, kisha akaiweka ndani ya mkebe, kando ya zake.