Siku moja ya rais dakika kwa dakika, na Mwalimu akiwa ndani yake

Mi ni mtu wa masijala, kazi yangu ni majalada, folio (karatasi zenye namba ndani ya jalada), regista na mihuri ya kupokelea barua, kwa hiyo nikisema kuna makaratasi ya serikali yamenikesha naomba mnielewe. Ni yale madaftari ya siku ya marais wa Marekani. Kule siku ya rais inaandikwa yote, tangu anaamka mpaka anaingia kulala: kaamka saa ngapi, simu ya kwanza kampigia nani au kapigiwa na nani, nani kaingia ofisini na katoka saa ngapi, kala na nani, kapanda gari kaenda wapi. Baadaye yanafunguliwa, yanaskaniwa, yanawekwa mtandaoni, na mimi hapa Nyakato, Mwanza, nadaunilodi pidiefu kwa bando la jioni nasoma bure kabisa.

Ukiifungua ni fomu iliyotaipiwa kwa mashine, haina urembo wowote. Juu kuna mahali siku ilipoanzia, tarehe na saa. Kushoto safu ya muda, kuanzia na hadi. Pembeni kuna kisafu chembamba cha simu, kinawekwa kaherufi kamoja tu kuonyesha kama rais ndo kapiga au kapigiwa. Kinachobaki ni shughuli, sentensi fupifupi, rais kaenda ofisini, rais kaonana na fulani, rais karudi ghorofani. Hakuna "kwa kishindo", hakuna "mheshimiwa alisisitiza", hakuna sifa hata moja! Mtu aliyezoea kusoma taarifa za ofisi za umma anaweza kudhani kuna kurasa zimepotea.

Kinachonifurahisha zaidi ni namna linavyotengenezwa. Nyakati za marais Nixon na Carter aliyeliandaa hakuwa anamfuata rais na kalamu, alikuwa anakaa anakusanya vipande: swichibodi, yaani wanaounganisha simu, wana orodha yao ya simu, walinzi wana yao ya rais kaingia wapi katoka wapi, wahudumu wa nyumba wana yao, ofisi inayopanga miadi ina yake. Kila mmoja kaandika kwa kazi yake mwenyewe, mtunza kumbukumbu analinganisha, anataipu. Ndo maana huwa nawaambia vijana wanaokuja field ofisini kwetu kwamba ratiba ya bosi sio kumbukumbu ya siku ya bosi. Ratiba inasema kilichopangwa. Daftari linasema kilichotokea, na tofauti kati ya hayo mawili wakati mwingine ndo historia yenyewe.

Sasa siku niliyoitafuta mimi ni Agosti 4, 1977. Siku hiyo Mwalimu Nyerere alipokelewa Ikulu ya Washington na Jimmy Carter, ambaye alikuwa hajatimiza hata miezi saba madarakani. Madaftari ya Carter mengi yanaanza na mstari uleule, rais kaamshwa kwa simu ya swichibodi, na asubuhi asubuhi anaonana na Brzezinski, mshauri wake wa usalama wa taifa. Alafu siku inafunguka. Agosti 4 ndo siku hiyohiyo Carter alisaini sheria ya kuunda Wizara ya Nishati ya Marekani, jambo kubwa kwao kwa sababu mafuta yalikuwa yamewatesa miaka ile, na siku hiyohiyo kuna mapokezi ya Mwalimu, kuna mazungumzo, na jioni kuna dhifa ya kitaifa. Kwa hiyo ukisoma unamuona rais wetu anakaa katikati ya siku ya mtu mwingine, kuna mambo yao ya mafuta huku, kuna Zimbabwe kule, na vyote vinapita kwenye safu ileile ya muda.

Mlio wadogo labda niwakumbushe, wakati ule Zimbabwe bado inaitwa Rhodesia, Ian Smith, kiongozi wa serikali ya wazungu wachache, kang'ang'ania madaraka, na Mwalimu ndo mwenyekiti wa nchi za mstari wa mbele, zile nchi huru za jirani zilizokuwa zinaunga mkono ukombozi. Waingereza na Wamarekani walikuwa wanaandaa mapendekezo ya pamoja ya kumaliza ule mgogoro. Swali gumu kuliko yote lilikuwa jeshi: nchi ikipata uhuru jeshi litakuwa la nani, lile la Smith au la wapigania uhuru waliotoka msituni? Mwalimu alikwenda Washington na msimamo kwamba jeshi jipya lazima msingi wake uwe wapigania uhuru, na Carter akakubali. Mapendekezo yalipotoka Septemba 1, 1977 hilo likawa moja ya mambo yaliyoleta mvutano mkubwa, Smith hakutaka kulisikia na hata kwa Waingereza lilikuwa mzigo mzito kulibeba.

Daftari la siku halikusimulii hayo. Daftari kazi yake ni kukwambia wamekaa, wamekaa na kina nani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Waliyoongea yako kwenye kumbukumbu za mazungumzo, karatasi nyingine kabisa, ambazo wizara yao ya mambo ya nje ilikuja kuzichapisha kwenye vitabu vyake vya nyaraka. Ukiziweka pamoja ndo unapata jalada kamili. Mtu wa masijala ataelewa mara moja: regista inakwambia folio ipo na iliingia lini, folio ndo inakwambia kilichosemwa. Bila regista huwezi hata kujua kuna folio iliyochomolewa, na hapo mi ndo naona ubora wa yale madaftari, kwa sababu mkutano ukishaandikwa kwamba ulikuwepo, wa dakika kadhaa, na fulani na fulani, hakuna atakayekuja kesho kukwambia haukuwepo.

Ngoja niwape na usiku mmoja wa Nixon, nao umeniganda kichwani. Mei 1970, katuma majeshi Kambodia, tarehe 4 askari wa jimbo la Ohio wamewapiga risasi wanafunzi wa chuo cha Kent State wakafa wanne, na Washington imejaa vijana wamekuja kuandamana. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9, baada ya kuongea na waandishi wa habari, Nixon karibu hakulala. Kwenye daftari unaona simu, simu, simu, ukurasa unaisha unafungua mwingine bado ni simu, zinafika karibu 50 usiku mmoja, Kissinger, mshauri wake wa usalama wa taifa, peke yake kapigiwa mara kadhaa, watu wazima wenye familia zao wanaamshwa saa saba usiku kuongea na rais. Alafu kama saa kumi na nusu alfajiri kuna mstari, rais katoka kwa gari kwenda kwenye jengo la kumbukumbu ya Lincoln. Akiwa na mhudumu wake Manolo Sanchez na walinzi wachache alikwenda kuongea na wale wanafunzi wenyewe, uso kwa uso, baadaye akapita bungeni, akaenda hoteli ya Mayflower kupata kifungua kinywa, karudi kwake jua limeshatoka. Hakuna aliyeandika kwamba rais kachanganyikiwa au rais anaogopa. Ila zile simu zimepangwa pale na saa zake, nani atabisha?

Na msidhani walizaliwa na huo utaratibu wa kufungua. Miaka mingi karatasi za rais zilihesabiwa ni mali yake binafsi, akitoka anaondoka nazo. Nixon alipojiuzulu Agosti 9, 1974 bunge lao likatunga sheria mwaka huohuo kuhakikisha nyaraka na kanda zake zinabaki mikononi mwa serikali. Mwaka 1978 ikaja sheria ya jumla kwamba kumbukumbu za rais ni mali ya umma, ikaanza kutumika kwa rais aliyeingia Januari 20, 1981, yaani Reagan, na miaka mitano baada ya rais kutoka wananchi wanaruhusiwa kuanza kuziomba, ingawa baadhi zinaweza kufungwa mpaka miaka 12. Aliyeisaini hiyo sheria ni Carter, huyohuyo ambaye daftari lake ndo nalisoma huku Mwanza.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndo roho yangu ilipo. Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka hapa Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha, na hapa mjini ukafanyika mkutano mkuu wa TANU. Rais wa nchi, kwa miguu, siku kadhaa! Ukipita leo barabara ya Musoma kwa basi, Bunda, Lamadi, Magu, Kisesa, unachoka umekaa kwenye siti. Mi ningetoa chochote nisome zile siku zimeandikwa kama Washington walivyoandika: kaanza kutembea saa ngapi, kapumzika chini ya mti gani, kalala kwa nani, nani kamsogelea na shida gani, na je, barua za Ikulu zilimfikiaje huko njiani, kasaini nini akiwa na vumbi miguuni.

Kuna babu mmoja huku Kisesa huwa napita kumsalimia. Safari moja nikamuuliza hiyo habari mbele ya bibi.

"Shikamoo babu, hivi Mwalimu alipopita hapa mwaka ule ilikuwa saa ngapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Asubuhi. Ng'ombe zilikuwa hazijaenda machungani."

Bibi akadakia kutoka jikoni, "We mzee, asubuhi gani? Jioni ile! Mi nilikuwa natoka ziwani na ndoo kichwani nikaitua chini nikakimbia."

Wakabishana pale mpaka chai ikapoa. Wote wawili walikuwepo, wote wawili wanakumbuka vizuri, vumbi, nyimbo, watu wameacha jembe shambani, ila saa hawakubaliani, na mi nilikaa nikijua kwamba mstari mmoja tu wa mtu aliyekuwa na saa na kalamu ungetosha kuwapatanisha. Na wenye kumbukumbu kama za hawa kila msimu wanapungua.

Siku nyingine ninayoitamani ni Novemba 2, 1978. Majeshi ya Amin yameingia Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hapo watu wanakimbia, na Mwalimu anasimama mbele ya wazee wa Dar es Salaam kutangaza kwamba nia, sababu na uwezo wa kumpiga tunavyo. Hotuba tunaijua kwa moyo, redio inairudia kila mwaka. Mi nataka asubuhi yake. Nani alikuwa mtu wa kwanza kuingia, nani kapigiwa simu, Bukoba walipiga mara ngapi, rais alikula?

Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inasema nyaraka za serikali zinafunguliwa kwa wananchi zikishafika miaka 30. Piga hesabu mwenyewe: siku ya mwisho ya Mwalimu Ikulu ilikuwa Novemba 5, 1985, miaka 30 ilitimia 2015. Mzee Mwinyi alikabidhi Novemba 1995, nayo inatimia 2025. Kwa hiyo tunaongelea kumbukumbu ambazo umri wake umeshafika, zinazotakiwa kupangwa, kusafishwa, kuskaniwa na kuwekwa mahali mwanafunzi wa Sengerema au Ukerewe anaweza kuzifungua kwa simu kama mi ninavyofungua za Carter. Kazi hiyo inataka pesa na inataka watu wenye moyo nayo, na naamini kabisa inastahili bajeti kubwa kuliko inayopata. Nimeona majalada ofisi fulani yamewekwa chini sakafuni mvua za masika zikaingia, karatasi zikagandana zikawa bonge moja. Unajaribu kuzibandua zinakuachia wino vidoleni. Jamani, inauma.

Ila kuandika siku sio kitu kigeni huku ziwani. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki walioingia Bukumbi miaka ya 1880 walikuwa na amri ya kuandika shajara ya misheni kila siku, mvua, wagonjwa, nani kapita. Na shule zetu za msingi zina logibuku, lile daftari kubwa la jalada gumu linalokaa kwa mwalimu mkuu, linaandikwa matukio ya shule, mkaguzi kaja, bati limeezuliwa na upepo, mtoto kang'atwa na nyoka. Shule nyingi za barabara ya Musoma zilikuwepo 1967. Rais wa nchi akipita kwa miguu mbele ya shule, mwalimu mkuu gani ataacha kuandika? Hizo logibuku ndo daftari letu la siku ya rais, limekatwa vipande vipande vimelala kwenye makabati kuanzia Butiama mpaka Mwanza, na vikilinganishwa shule kwa shule, kijiji kwa kijiji, safari yote inaweza kupangwa saa kwa saa, namna ileile waliyofanya na orodha za swichibodi na walinzi.

Nimeshaanza kuongea na walimu wakuu wa upande wa Kisesa, na wengine wamekubali nikaangalie makabati ya zamani mradi daftari lisitoke ofisini. Kwa hiyo kama unafundisha Bunda, Lamadi, Magu au popote kwenye ile njia, tafuta logibuku yenye Oktoba 1967. Ukiipata usichane ukurasa, usipigie mstari kwa peni, usiipeleke kwa mtu wa steshenari akubandulie jalada. Piga picha jalada la nje kwanza, alafu ukurasa mzima na ule wa kabla yake na wa baada yake, tarehe zionekane vizuri, kisha niandikie jina la shule na ni nani anayelitunza sasa hivi. Na ukimkuta babu au bibi aliyeona, muulize jua lilikuwa upande gani.