Kumbukumbu ya mradi: vizazi vinne, basi moja, Nakuru hadi Thimlich Ohinga

Wiki ya 1 na ya 2: orodha ya watu

Wasafiri ni 17. Wazee watatu (miaka 83, 79 na 74), wenye kipato sita, wanafunzi wa chuo wawili, watoto wa shule wanne, mmoja wa miaka mitatu, na mtoto mchanga ambaye Agosti atakuwa na miezi kumi. Siku ni saba. Mwisho wa safari ni Thimlich Ohinga, maboma ya mawe ya Kaunti ya Migori yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na vituo kumi na kimoja, msitu wa Kakamega na Mumias vikiwemo. Ilikuwa ratiba ya kijana mwenye pikipiki. Imefutwa yote, na mahali pake pamewekwa kipimo kimoja: mzee atembee mita 200 uani, saa mkononi, akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo. Wa miaka 74 alitumia dakika 4. Nyanya wa miaka 83 alitumia dakika 8 na akaketi mara moja. Basi kituo chochote kinachomdai zaidi ya mita 400 kwenda na kurudi lazima kiwe na sehemu ya kusubiri yenye kivuli, kiti cha mgongo na choo kisicho cha kuchuchumaa. Kisipokuwa nayo, haendi. Kipimo hicho peke yake kiliondoa vituo sita kwa jioni moja bila mtu kugombana na mwenzake, maana hakuna anayebishana na saa.

Wiki ya 3: siku za wiki

Agosti imechaguliwa kwa sababu shule zimefungwa. Desemba gari na nyumba hupanda bei, na barabara ya magharibi hujaa watu wanaokwenda ushago. Lakini Agosti huku magharibi mvua hunyesha, mara nyingi baada ya saa nane mchana, kwa hiyo kila jambo la nje limepangwa kati ya saa mbili unusu asubuhi na saa sita.

La pili ni mazishi. Nyanza, Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mazishi, na misafara kutoka Nairobi huanza kuelekea huko tangu Alhamisi. Mabasi madogo ya kukodi, mahema, viti na hata vyumba vya gesti huwa vimeshachukuliwa. Ratiba ikageuzwa:

Jumamosi: Hyrax Hill, kilima cha mambo ya kale kando ya Nakuru, kwa magari ya nyumbani.
Jumapili: Nakuru hadi Kisumu.
Jumatatu: Makumbusho ya Kisumu, kisha kupumzika.
Jumanne: miamba ya Kit Mikayi.
Jumatano: Kisumu hadi Homa Bay.
Alhamisi: Thimlich Ohinga.
Ijumaa: kurudi kupitia Kisii na Kericho, tukipishana na misafara badala ya kuifuata.

Kuna waliotaka treni, kwa heshima ya reli iliyofika Kisumu, wakati huo Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Wazo zuri, hesabu mbaya. Treni haifiki Homa Bay, kwa hiyo gari lingekodishwa Kisumu vilevile na nauli ingelipwa mara mbili.

Wiki ya 5: gari

Nissan ya viti 14 haitoshi, na mbili ni kosa lingine: mzee mmoja hujikuta gari lisilo na dawa zake. Limechaguliwa basi dogo la viti 25. Watu 17 wakiketi, viti vinane vinabaki kwa mizigo, kiti cha magurudumu kilichokunjwa na mtoto anayelala.

Mambo matatu ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi. Kwanza, je, bei ni pamoja na mafuta? Pili, dereva analala wapi na anakula kwa nani? Wengi husahau, kisha usiku wa kwanza dereva anaomba pesa ya gesti na mweka hazina anakunja uso. Tatu, gari la abiria lenye leseni ya njia moja likikodiwa kwenda kwingine lahitaji kibali cha muda cha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mwenye gari akionyeshe kabla ya siku ya safari, si barabarani mbele ya polisi.

Gari la kwanza lilikataliwa. Mikanda tisa kati ya 25 haikufunga: mingine ulimi haukushika, mingine ilikuwa imesukumwa chini ya kiti na kushonewa huko. Kagua kila mkanda kwa mkono. Picha za WhatsApp hazionyeshi mkanda.

Kilomita: Nakuru–Kisumu 185, mizunguko ya Kisumu 120, Kisumu–Homa Bay 110, Thimlich kwenda na kurudi 130, Homa Bay–Kisii–Kericho–Nakuru 265. Jumla 810. Kwa kilomita sita kwa lita ni lita 135. Ongeza asilimia 15 kwa milima na barabara ya maramu, lita 155.

Wiki ya 6: kigoda cha mlangoni

Kidaraja cha kwanza cha basi kilipimwa: sentimita 41 kutoka ardhini. Goti la miaka 83 halipandi hapo, na kumnyanyua mzee kwa makwapa ni kumuumiza bega na kumvunjia heshima mbele ya wajukuu. Fundi wa mbao ametengeneza kigoda: uso sentimita 45 kwa 35, kimo sentimita 20, mbao za unene wa inchi moja na nusu.

Cha kwanza kilikuwa na miguu iliyosimama wima chini ya kingo. Ukikanyaga ukingoni, kinabinuka. Cha pili miguu imetanuliwa nje sentimita 4 kila upande, kikatulia. Juu pamepigiliwa kipande cha tairi kuukuu, vichwa vya misumari vimezamishwa ili visikwaruze nyayo, na kamba ya nusu mita imefungwa ili utingo akivute ndani bila kuinama. Uzito kilo tano. Kilo tano ni sawa, chepesi huteleza.

Mpangilio wa kupanda: kijana mmoja yuko ndani akitoa mkono, mwingine yuko chini nyuma ya mzee, mikono tayari bila kumshika. Mzee ashike nondo ya mlango mwenyewe.

Wiki ya 8: pesa

Bajeti ni shilingi 315,000: gari 96,000, mafuta 28,000, malazi 84,000, chakula 64,000, viingilio na waongozaji 18,000, dharura 25,000. Dereva yumo ndani ya malazi na chakula.

Mchango umegawanywa kwa hisa. Mwenye kipato hisa moja, mwanafunzi wa chuo nusu, mtoto wa shule nusu inayolipwa na wazazi wake. Wazee na walio chini ya miaka mitano hawahesabiwi. Hisa ni tisa, kila moja 35,000, kwa miezi minane ni 4,375 kwa mwezi. Pesa zinaingia laini moja ya M-Pesa isiyotumika kwa jambo lingine, na taarifa hutumwa kwenye kikundi kila tarehe 5. Nusu ya mwanafunzi wa chuo kwa kawaida hulipwa na shangazi fulani kimyakimya. Jedwali halina haja ya kujua.

Viingilio vya makumbusho hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Mtu mmoja awe na nambari za vitambulisho vya wakubwa wote kwenye simu, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto ziwe kwenye faili. Bila kitambulisho, ni vigumu kudai bei ya raia langoni.

Wiki ya 11: barabara na miili

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara hupanda zaidi ya mita 2,500 kule Mau Summit, kisha hushuka hadi Kisumu, mita 1,130. Kwa asubuhi moja mtu hutoka kwenye baridi ya sweta hadi joto la kupepea kwa leso. Blanketi mbili zikae juu ya mizigo yote, si chini. Mchanga anyonyeshwe wakati wa kuteremka baada ya Kericho, ndipo masikio hufunguka.

Kusimama ni kila dakika 80, awe mtu ameomba au hajaomba. Wazee hawaombi. Huacha kunywa maji tangu jana yake ili wasisumbue watu, na hapo ndipo kizunguzungu huanza. Anayetumia dawa ya presha ya kukojoza amuulize daktari wake saa ya kuimeza siku ya safari. Kuiruka kwa uamuzi wake mwenyewe si jibu.

Insulini ambayo haijafunguliwa inahitaji nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huvumilia kama wiki nne ikiwa haizidi nyuzi 30 hivi, na Kisumu alasiri hufika hapo. Itabebwa kwenye kikasha cha baridi, imeviringishwa taulo isiguse barafu, kwani ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Isiwekwe kamwe mbele ya kioo cha dereva.

Malaria: watu wa Nakuru hawana kinga ya mwambao wa ziwa. Vyandarua tisa vyenye dawa, kamba mita 20, sindano na uzi wa kuziba matundu ya vyandarua vya gesti. Dawa za kuzuia ziulizwe kwa daktari wiki nne kabla, hasa kwa mchanga. Dalili huweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo homa itakayompata mtu akiwa ameshafika nyumbani lazima iambatane na sentensi moja kwa daktari: tulikuwa ziwani.

Watoto hawaingii ziwani hata kwa vifundo vya miguu. Kuna kichocho, na ufuo wa Dunga, Kisumu, kuna viboko. Mashua ni asubuhi, kabla upepo wa mchana haujachafua maji, na kila mtu avae jaketi lake la kuokolea.

Wiki ya 14: vituo, kimoja kimoja

Hyrax Hill ni rahisi. Iko kando ya Nakuru, na ilichimbuliwa na Mary Leakey mwaka 1937 na 1938. Wazee wabaki jengo la makumbusho. Wengine wazunguke kilima waone mashimo ya Sirikwa, jamii ya kale ya wafugaji, na bao lililochongwa mwambani. Beba kete: kokoto zinatosha, na mtoto anayecheza bao hana haja ya maelezo marefu.

Makumbusho ya Kisumu yana boma la Kiluo, Ber-gi-dala. Lianze kabla ya Kit Mikayi, si baada. Mtoto akishaona nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ilivyowekwa kuhusiana na nyumba za nyachira na reru, mke wa pili na wa tatu, jina la Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, litamwingia bila kufundishwa. Miamba yenyewe iko kando ya barabara ya Bondo, kama kilomita 30 kutoka Kisumu. Kupenya kati ya mawe ni kwa wenye miguu imara, na baada ya mvua huteleza. Wazee hukaa chini. Miamba huonekana vizuri zaidi kutoka hapo. Waumini huja kusali, hivyo watoto waambiwe mapema: sauti chini, na picha za watu hazipigwi.

Thimlich ndiyo ngumu. Kutoka Homa Bay ni Rodi Kopany, Ndhiwa, kisha maramu. Kuta zimepangwa kwa mawe makavu, bila udongo wala saruji, unene wa mita moja hadi tatu, na kimo sehemu nyingine mita nne na zaidi. Ukisimama karibu unaona ufundi: safu ya nje na safu ya ndani za mawe makubwa, katikati vijiwe vya kujazia, kila jiwe limefungwa na jirani yake. Ndiyo sababu hakuna kupanda wala kumketisha mtoto juu kwa picha. Jiwe moja likichomoka, la juu yake halina linaloshikilia. Malango ni ya kuinama, yalijengwa hivyo ili mgeni aingie kichwa mbele. Kiti cha magurudumu hakipiti, na hilo limekubaliwa: nyanya atafika ukutani, ataugusa, ataketi. Wengine waingie kwa zamu mbili, kila zamu dakika 40, ili daima kuwe na mtu mzima karibu naye. Miti ya bondo ina utomvu mweupe unaochoma macho. Watoto wasivunje matawi.

Mvua ikinyesha usiku wa Jumatano, udongo mweusi wa huko hugeuka gundi, na basi la viti 25 si trekta. Uamuzi utafanywa saa kumi na mbili asubuhi kwa kumpigia mwongozaji wa Thimlich. Akisema hapana, basi linaelekea Mbita kwa lami, kisha Rusinga kwenye kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa tarehe 5 Julai 1969. Hapo mwendo ni mfupi, na wazee wanamkumbuka akiwa hai, kwa hiyo wao ndio watakaokuwa waongozaji.

Wiki ya 17: hali ilivyo

Basi la pili limekaguliwa, mikanda yote inafunga, arbuni ya asilimia 30 imelipwa na risiti ipo. Nyumba ya Kisumu ina vyumba sita chini na viwili juu. Mlango wa bafu ulipimwa: sentimita 64. Kiti cha magurudumu ni sentimita 66. Mwenye nyumba amekubali kung'oa mlango na kuning'iniza pazia. Bawaba zikitoka, nafasi inafika 67.

Homa Bay bado. Gesti ya kwanza ina vyumba vinane, lakini sita viko ghorofa ya pili na hakuna lifti. Ya pili iko chini yote, ila haina jenereta, na kikasha cha insulini kinahitaji barafu mpya kila asubuhi. Kabla ya tarehe 5 ijayo tujue kama muuza samaki wa jirani anayegandisha chupa za maji ataweza kutuuzia nne kwa siku.