Siku moja maishani mwangu: kutwa na mipopla chotara ya Mto Weber

Saa 11 alfajiri. Natoka Ogden, jimbo la Utah, Marekani, kuelekea bonde la Mto Weber, kukusanya majani ya mipopla, miti mirefu ya kando ya mito. Ni Juni, jua linawahi kutoka, na majani yanafaa kukatwa kabla ya joto kuyalegeza. Garini kuna mkasi wa mpini mrefu, bahasha, mifuko yenye chembe za silika za kukaushia, GPS na madumu ya maji.

Saa 12:30. Tunaanzia chini, kwenye mpopla wa Fremont. Jani lake ni pana, la pembe tatu, lina meno makubwa ukingoni na kikonyo kirefu kilichobapa, ndiyo maana upepo mdogo tu unalitikisa. Juu milimani kuna mpopla wa majani membamba: kikonyo kifupi, machipukizi yanayonata utomvu wenye harufu nzuri, na jani ambalo mgeni angedhani ni la mwerebi, mti mwingine wa kando ya maji. Wanabotania wameiweka miti hii katika sehemu mbili tofauti za jenasi (kundi la spishi zenye undugu), maana nasaba zake zilitengana zamani sana. Hata hivyo, katika kipande cha mto cha kilomita 13 hivi, inakutana na kuzaana.

Mierebi halisi nayo ipo, imejipanga majini pale pale. Ni jamaa wa karibu wa mipopla, na jenasi zote mbili zina msingi wa kromosomu 19. Lakini chavua ya mwerebi hupeperuka kando ya mipopla hii kila masika na hakuna kinachozaliwa. Huko utengano umekamilika. Kwa mipopla, mlango bado uko wazi.

Saa 2. Tumeingia eneo la machotara, na hapa ndipo ninapopapenda. Jani la chotara wa kizazi cha kwanza liko katikati ya wazazi wake, lakini mengi tunayokata si ya kizazi hicho. Mwaka 1989 mtafiti Paul Keim na wenzake walionyesha kwamba machotara wa mto huu huzaana na mpopla wa majani membamba peke yake, si na Fremont. Kwa hiyo jeni za Fremont hupanda mlima kizazi baada ya kizazi, na za mwenzake hazishuki. Unaweza kusimama chini ya mti wenye majani membamba kabisa, kumbe ndani una kipande cha Fremont. Jicho halitoshi. Ndiyo sababu tunakusanya vinasaba.

Saa 4. Kuhesabu uvimbe ambao vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, husababisha kwenye majani. Napasua mmoja kwa ukucha: ni kijumba chenye uwazi ndani, na humo kuna mama mmoja mnene na watoto wake, wamejaa unga mweupe wa nta. Vidukari hawa baadaye huota mabawa wakahamia kwenye mizizi ya mimea mingine, ikiwemo viazisukari. Mtafiti Thomas Whitham aliwahesabu kwenye mto huu na kukuta kwamba asilimia 85 hadi 100 yao huishi kwenye chini ya asilimia 3 ya mipopla, yaani ile ya eneo la machotara. Yeye huyo na Gregory Martinsen wakakuta pia kwamba ndege hutaga zaidi kwenye miti chotara. Kwa hiyo nikisikia chotara ni uchafu wa mbegu, usiostahili kuhifadhiwa, nakataa kabisa. Ukiukata ukanda huu mwembamba, unawafukuza viumbe wengi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha.

Saa 6 mchana. Chakula, na simu kutoka nyumbani Hola, kando ya Mto Tana nchini Kenya, ambako ni saa 3 usiku.

“Hiyo miti ni ile ya kwetu?” anauliza mjomba.

“Ni ndugu zake, mjomba. Wa kwetu hauna wa kuchanganyika naye.”

Mpopla wa Mto Tana ndugu zake wa karibu wako Mashariki ya Kati na Asia ya Kati. Umebaki peke yake karibu na ikweta, na kama hii ya Weber, unahitaji mafuriko yaache mchanga mpya ili miche iote.

Saa 9. Tunakuta shina lililotafunwa na biva, yule mnyama wa mtoni anayeangusha miti kwa meno. Huchagua miti yenye tanini kidogo (kemikali chungu inayoukinga mti dhidi ya walaji), ambayo kwa kawaida ndiyo yenye jeni nyingi za Fremont. Tunachukua jani kwenye chipukizi la kisiki. Sampuli ya namna hii ni ya thamani.

Saa 11 jioni. Maabara. Kupima majani, kubadilisha silika, kuandika namba. Kesho tunapanda juu, kwenye mipopla ya majani membamba isiyochanganyika, kwa sababu bila mzazi huyo wa kulinganishia, sampuli za leo hazisomeki.